Tomati za Mukono wa Kushoto

Jina langu ni Élisabeth, lakini pale Kituku, ufuko wa Goma ambako mitumbwi inateremusha mizigo, hakuna anayenijua kwa jina hilo. Wananiita Mama Héritière, kwa jina la mutoto wangu wa pekee. Wale niliowahi kuwatukana wananiita Mama Makelele. Sawa tu, waendelee. Na wewe ungeshinda kutwa ukiangalia vijana wenye mikono miwili mizima wakirusha tomati kutoka mutumbwini, ungepiga kelele kuliko mimi.

Watu wanafikiri tomati ni kitu cha kuchezea. Ukiiangusha kutoka urefu wa goti haioneshi kitu. Unaiokota, unaifuta na kitenge, inang'aa, unasema aah, imepona. Kesho yake unaibonyeza, kidole kinaingia mpaka kwenye mbegu. Iliumia ndani tangu jana. Hapo ndipo muchuuzi ananijia na mudomo murefu: "Mama Héritière, uliniuzia maji." Mimi? Nenda ukamuulize aliyeirusha!

Sisi wa Kashovu, kijiji kilicho juu ya milima upande wa Masisi, tulikuwa na namna yetu ya kupanga. Ilitoka kwa mama mukwe wangu, mwanamuke mukali kuliko mimi, Mungu amulaze pema. Yeye tomati alikuwa hamwagi katika kitunga, alikuwa anailaza. Kwanza unaondoa kikonyo, maana kikonyo kikikauka ni musumari, kinatoboa jirani yake njiani. Kisha unabonyeza kidogo na kidole gumba. Zile ngumu, ambazo rangi imeanza tu kuzigusa kwenye kitako, unaziweka chini, kwa sababu ndizo zitabeba zingine. Zenye kuiva nusu unaziweka katikati. Nyekundu kabisa zinakaa juu, za kuuzwa siku ileile. Kati ya tabaka na tabaka unatandika majani makavu ya mugomba, yaliyosuguliwa mpaka yamelainika. Na katikati ya kitunga unasimamisha fungu la majani yaliyosokotwa, kutoka chini mpaka mudomoni, ili joto lipate pa kutokea. Tomati zikifungiwa pamoja bila pumzi zinashikwa na homa, zinaiva zote kwa mara moja na kuoza zote kwa mara moja.

Kila tabaka tulilipanga kwa kuzunguka. Unaanza pembeni, tomati moja inaegemea nyingine, nyingine inaegemea nyingine, unazunguka mpaka unafika katikati. Watu wote wa Kashovu walizunguka kwenda kulia, kwa sababu mukono wa kulia ndio unaosukuma. Isipokuwa Héritière. Yeye ni wa mukono wa kushoto. Bibi yake alimuchapa vidole na kijiti tangu mudogo ili abadilike, lakini wapi! Tomati zake zilizunguka kushoto na zikaegemea kushoto. Ukifunua kitunga chake unaona palepale, kama vile unavyojua nywele zimesukwa na mukono gani. Wenzake walikuwa wanamucheka. Mimi nilikuwa nimezunguka masoko yote, Sake, Kirotshe, Minova, Goma, na kitunga kingine cha namna ile sijawahi kukiona.

Basi mwaka ule vita ikashuka kutoka milimani. Mimi nilikuwa nimeteremuka Goma juu ya kamyo iliyobeba tomati. Héritière alibaki kuvuna mistari ya chini ya shamba, maana ilikuwa imeanza kuchukua rangi, na tomati haingojei mutu.

"Nitarudi keshokutwa," nilimuambia.

"Uniletee mafuta ya nywele," akajibu. "Lakini si yale ya mara ya mwisho, yananuka." Alikuwa na mudomo, mutoto yule. Usiniulize aliutoa wapi.

Keshokutwa haikufika. Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba, mutoto mugongoni na mwingine mukononi, wote wanakuja Goma. Mimi peke yangu nilikuwa naenda kinyume yao. Pale Mugunga askari mumoja alinishika kitenge.

"Mama, uko na akili? Watu wote wanakuja huku, wewe unaenda wapi?"

Nilimuambia naenda kwangu, mutoto wangu yuko kule. Nilimutukana mpaka mwenzake akainua kitako cha bunduki. Mudogo wangu Deborah, aliyekuwa anakimbia kutoka Sake na masufuria yake katika beseni, ndiye aliyenivuta kutoka pale. Tulilala katika kambi ya Lac Vert, juu ya mawe ya volkano, chini ya bashi moja ya plastiki. Tulisema ni kwa siku chache. Watu wote walisema vile, na makambi yakaendelea kujaa mpaka mutu hakuwa na pa kuweka mafiga.

Simu ya Héritière haikupatikana. Rezo ya milimani ilikuwa imekatwa, na tulisikia kwamba kule ukikutwa na simu unaitwa mupelelezi. Kila mutu aliyefika kambini kutoka upande wetu nilimukamata mukono. Ulimuona? Musichana murefu, wa mukono wa kushoto, mudomo hautulii? Hakuna aliyemuona. Nilikuwa silali. Nilikuwa nakaa nimemushikilia Deborah mpaka anaumia, na yeye masikini haniambii kitu.

Donat, mwenye depo ya mboga karibu na Kituku, alinijua tangu zamani. Alinipa kazi ya kuchambua tomati: nzima huku, zilizopasuka kule, za kutupa pale. Barabara ilikuwa imefungwa, lakini tomati ilikuwa inapita ziwani, kwa mutumbwi wa motere, kutoka ufuko wa Bweremana, chini ya milima yetu. Usiniulize namna gani. Wenye bunduki wa kule walichukua kodi yao, wenye bunduki wa huku wakachukua yao, na wote wawili walikuwa wanataka mboga jioni. Mutu hakuweza kuvuka, tomati ilivuka. Jambo hilo lilinichoma roho kila asubuhi.

Na zilikuja katika magunia! Tomati katika gunia, jamani, kama makaa. Gunia juu ya gunia, na juu ya yote vijana wawili wamekalia. Yakifika Kituku, maji mekundu yalikuwa yanatiririka mpaka katika ziwa. Paulin, mwenye mutumbwi, mwanaume mupole anayeongea kidogo, alikuwa anashuka na kuniachia nafasi ya kupiga kelele. Nikimaliza ananiuliza, "Umemaliza, mama?" Kisha tunachambua.

Siku moja, kati ya magunia yale, nikaona kitunga. Kilikuwa kimefunikwa na majani ya mugomba na kufungwa kamba vizuri. Nilifikiri ni viazi. Nilikata kamba, nikafunua majani. Tomati zilikuwa zimelazwa. Hazina vikonyo. Fungu la majani yaliyosokotwa limesimama katikati. Na zote zilikuwa zinazunguka kushoto, moja inaegemea nyingine, mpaka katikati.

Nilianguka chini. Sikuona aibu. Nilipiga vigelegele, nikalia, nikacheka, nikamukumbatia Paulin mpaka kofia yake ikaanguka majini. "Yuko hai! Mutoto wangu yuko hai! Huu ni mukono wake!" Wachuuzi walikuja kuangalia. Mumoja akasema, "Mama Makelele leo amechanganyikiwa na tomati." Nilimuambia acheke tu, siku ile hata shetani angenicheka ningemupa tomati moja ale.

Nilikipangua kitunga kile mwenyewe, tabaka kwa tabaka, polepole. Sikukuta hata moja imepasuka. Ngumu zilikuwa chini, laini juu, kama vile nilivyomufundisha. Donat aliuliza zile zimetoka wapi, alitaka zingine. Mimi nilikuwa nazishika shavuni.

Tangu hapo, kila siku ya soko kitunga kilikuja. Mara nyingine viwili. Nilikuwa nafika ufukoni mbele ya jua, nangojea motere ya Paulin. Nikiona kitunga, nakula siku ile. Nisipokiona, chakula hakipiti. Deborah alikuwa ananiangalia tu.

"Yaya," aliniambia siku moja tukiwa tunachota maji, maana mimi ni dada yake mukubwa, "na kama ni mutu mwingine anapanga vile?"

"Mutu gani? Nitajie. Mutu gani mwingine Masisi nzima anazunguka kushoto?"

"Sijui, yaya. Nauliza tu."

"Basi usiulize."

Nilimuomba Paulin aulize jina la mwenye kupanga. Alikataa kwa mara ya kwanza tangu nimujue. Alisema pale Bweremana wanawake wanateremuka kutoka mulimani na vitunga mugongoni, wanaviweka muchangani, wanarudi, na vijana wenye bunduki wanakaa palepale wanaangalia. Mutu akiuliza jina la mutu, anachukuliwa. "Mimi nina watoto, mama," alisema. Hapo hata mimi nilifunga mudomo.

Lakini vitunga vitupu vilikuwa vinarudi kule. Basi nilipasua kipande cha kitenge changu, kile cha maua ya njano nilichovaa siku niliyoondoka nyumbani, nikakiweka chini ya kitunga kitupu. Paulin aliona, akageuza uso upande mwingine. Siku ya soko iliyofuata kitunga kilirudi kimejaa, na chini ya majani ya juu kipande changu kilikuwa pale, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Ee Mungu wangu! Nilikiweka ndani ya nguo, hapa, kwenye kifua. Nilimuonesha Deborah. "Amenijibu," nilimuambia. "Useme tena."

Deborah hakusema tena.

Aliyesema ni Muzee Murhula. Alikuwa katekista wetu kule Kashovu, muzee wa watu, hana neno baya na mutu. Alifika kambini kwa miguu, amekonda, kiatu kimoja. Alikuja chini ya bashi yetu na wanawake wawili wa kanisa, wakakaa, wakaanza kukohoa. Ukiona watu wa kanisa wanakaa na kukohoa unajua wamebeba nini.

"Mama Héritière," alisema muzee, "kule njiani niliambiwa kwamba binti yetu hayupo tena. Kwamba risasi ilimupata shambani. Tumekuja kuomba tukae matanga pamoja nawe."

"Ulimuona kwa macho yako, muzee?"

"Hapana, mama. Mimi nilikuwa nimejificha upande mwingine. Niliambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

"Na watu waliokuwa wanakimbia."

"Waliokuwa wanakimbia wanaona nini? Migongo ya wenzao!" Nilisimama. Nilitoa kile kipande cha kitenge, nikamusukumia usoni. "Mufu anafua nguo? Mufu anapanga tomati kila siku ya soko? Mutoke hapa! Matanga ya mutoto wangu hamutakaa, si leo, si kesho. Mukitaka matanga, kaeni ya kwenu!"

Walitoka. Muzee alisahau fimbo yake, Deborah akakimbia kumupelekea. Kambi nzima ilisikia. Wengine walisema mimi ni mama mwenye imani, wengine walisema kichwa kimeharibika. Mimi nilikuwa na kitunga. Wao walikuwa na maneno.

Kisha mabomu yakaanza kuanguka karibu. Moja lilianguka kambini kati ya mabashi, asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya maji. Sitasimulia nilichoona. Nitasema tu kwamba jirani yetu mwenye watoto mapacha alibaki bila mutoto. Nilirudi chini ya bashi, nikamuambia Deborah kwamba mimi sitakufa hapa juu ya mawe wakati mutoto wangu yuko ngambo ya ziwa anashuka na kupanda mulima. Mutu anayeweza kupanga kitunga anaweza kuteremuka mpaka muchangani. Nitamungoja pale, nitamushika mukono, nitamuingiza katika mutumbwi. Basi.

Deborah alilia. Alinishika miguu. Sikumusikiliza.

Paulin alinikatalia mara nyingi. Kisha kule ngambo wakaanza kuwaruhusu wanawake wanunuzi washuke ufukoni siku ya soko, wachague mizigo na kurudi palepale. Alinipa nafasi kati ya madumu ya mafuta. Aliniambia maneno marefu kuliko yote niliyowahi kusikia kwake: "Usiulize jina la mutu kwa sauti. Usipige kelele, mama. Nakuomba kwa jina la Mungu, leo tu, usipige kelele."

Nilimuahidi.

Ziwa lilikuwa limetulia. Milima yetu niliiona kutoka mbali. Nilikuwa nimenunua mafuta ya nywele, yale yasiyonuka. Nilikuwa nayashika ndani ya kitenge.

Pale Bweremana wanawake walikuwa wanateremuka mustari mumoja, wameinama, kamba ya kitunga kwenye kipaji cha uso. Vijana wawili wenye bunduki walikaa juu ya pipa, wanakula tomati na kutupa ngozi. Niliangalia kila uso. Huyu hapana. Huyu hapana. Huyu anafanana kwa mbali, hapana. Wakaweka vitunga muchangani, wakajinyoosha mugongo. Nilianza kufunua vitunga kama mununuzi yeyote. Cha kwanza, kinazunguka kushoto. Nikasema asante Bwana, ni chake. Nikafunua cha pili. Kinazunguka kushoto. Cha tatu vilevile. Vyote vilivyokuwa pale muchangani vilikuwa vinazunguka kushoto.

Niliachia majani niliyokuwa nimeyashika.

Karibu yangu alisimama mwanamuke kijana, mufupi, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Sikumujua. Kitunga kilichokuwa mbele yake alikuwa ametoka kukiteremusha mwenyewe.

"Nani alipanga hiki?" nilimuuliza, sauti ya chini.

"Ni mimi, mama."

"Muongo."

"Ni mimi."

"Panga nione."

Aliniangalia, kisha aliangalia vijana wa kwenye pipa. Alipiga magoti, akatoa tabaka la juu, akaanza kulipanga upya kama anayenionesha bidhaa. Alikuwa wa mukono wa kulia. Kila tomati alikuwa anaipitisha juu ya mukono wake mwingine, kwa shida, anakunja kiwiko, ili iegemee kushoto. Mutu hawezi kuchagua kujitesa vile. Ni lazima awe amefundishwa.

"Kwa nini unazunguka kushoto?" nilimuuliza. "Mukono wako unakataa, kwa nini unaulazimisha?"

Hapo aliinua uso. Aliangalia mudomo wangu, aliangalia kitenge changu cha maua ya njano, na macho yake yakajaa maji.

"Wewe ni mama yake," alisema. "Mama yake Héritière."

"Yuko wapi?"

"Mama, kaa chini. Shika tomati. Fanya kama unachagua."

Nilikaa. Jina lake lilikuwa Dancille, alikimbia kutoka Rutshuru mpaka Kashovu, vita ikamukuta na kule. Alinisimulia huku mikono yake inapanga. Wenye bunduki walikuwa wamewakusanya wanawake waliobaki, wavune mashamba ya watu waliokimbia na kubeba mizigo mpaka ziwani. Mizigo ilikuwa inaoza njiani. Mukubwa wao alikasirika, akasema atakayeleta maji atachapwa. Héritière ndiye alijitokeza. Aliwaambia wenzake wasiogope, yeye atawafundisha kupanga.

"Alitukalisha chini, akapanga kitunga kimoja mbele yetu," alisema Dancille. "Tulimufuata kila kitu. Mwenzetu mumoja alitaka kuzunguka kulia, akamupiga mukono. Akasema, 'Musibadilishe hata kidogo. Mama yangu yuko Goma. Anajua tomati kuliko watu wote. Akiona hii atajua niko muzima.'"

"Yuko wapi, Dancille?"

"Alikufa, mama. Risasi zilitoka ngambo ya bonde, hatujui za nani. Alikuwa shambani, ameinama. Tulimuzika karibu na kanisa, tulimufunga kitenge kizuri. Tuliimba polepole kwa sababu walitukataza."

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimemuahidi Paulin. Nilishika tomati moja mukononi, na iliponilowesha vidole ndipo nilijua nimeifinya.

"Lini?" nilimuuliza. "Baada ya vitunga vingapi?"

Alilaza tomati nyingine mahali pake.

"Nimeviona vyote. Nimevipangua na mikono hii. Niambie tu kipi kilikuwa cha mwisho kupangwa na yeye. Nataka kujua kipi."

Dancille aliweka mikono magotini. "Mama, alipanga kimoja tu. Kile cha kutufundisha. Hakikuvuka. Vijana walikifungua njiani wakakila."

"Na vile nilivyoona?"

"Ni vyetu."

"Vyote?"

"Vyote, mama. Yeye tulikuwa tumeshamuzika."

Nilitaka kumupiga kofi, na nilimupiga, lakini mukono wangu haukuwa na nguvu, ulimupapasa tu shavu. Alikaa vile, hakuondoa uso. Mumoja wa wale vijana aliuliza kutoka kwenye pipa kuna nini. Dancille akamujibu, "Hatupatani bei," na yule akacheka.

"Munajua mulinifanya nini?" nilimuuliza. "Niliwafukuza watu wa Mungu kwa ajili ya vitunga vyenu. Nilikuwa nacheka, munasikia? Mutoto wangu yuko ardhini, mimi nacheka pale Kituku. Kwa nini hamukuacha?"

"Tulitaka kuacha. Siku ya kumuzika tulisema, kesho kila mutu apange anavyojua. Kesho yake kila mutu akachukua kitunga chake, akazunguka kushoto. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kisha kikaja kipande chako cha kitenge. Ndipo tulijua kwamba unaona. Baada ya hapo, mama, nani kati yetu angeweza kuzunguka kulia? Ni kama tungekuwa sisi ndio tunamuua. Mimi ndiye nilikifua. Nilikirudisha kwa sababu nilifikiri, mama akikaa bila jibu atavuka, na akivuka watamuua."

Wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake na kamba zao mikononi, wananiangalia. Walikuwa wamekonda wote. Mumoja alikuwa na mimba. Hasira yangu ilitafuta pa kukaa, haikupata. Nilitoa mafuta ya nywele katika kitenge, nikamuwekea Dancille magotini, kwa sababu sikujua pengine pa kuyapeleka. Alitaka kunishika mukono. Paulin alikuwa ameshawasha motere, ananiita kwa ishara, na kijana mumoja alikuwa ameteremuka kutoka kwenye pipa anakuja upande wetu.

Nilimuuliza Dancille kama wanaweza kuniruhusu nipande mpaka kaburini, niguse tu udongo. Alitikisa kichwa. Alisema wa Goma akipanda harudi. Kisha alinisukuma kwa bega, polepole, mpaka katika maji, nami nikaingia mutumbwini na magoti yangu.

Paulin alivua koti lake, akanifunika kichwa, na chini ya koti lile, katikati ya ziwa, motere ikiwa inaunguruma, nililia kelele zote nilizokuwa nimezuia. Nafikiri ndiyo maana aliongeza mafuta ya motere.

Kituku Deborah alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini. Alikuwa ananingoja tangu asubuhi. Aliangalia nyuma yangu kama kuna mutu mwingine anashuka. Vijana walianza kuteremusha vitunga, wanavirusha, na mimi sikusema neno. Hapo ndipo Deborah alishika mudomo wake kwa mikono miwili.

"Nenda umuite Muzee Murhula," nilimuambia. "Umuambie aje na watu wa kanisa. Tukae matanga."

Alinikumbatia, akalia juu ya bega langu. Kisha akauliza kile watu wanachouliza. "Alikufa lini, yaya?"

"Kabla ya kitunga cha kwanza."